Mluzi, Fundi Aliyepima Taya kwa Kicheko

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia inawaomba walio nyuma wasogee mbele kidogo, kwa kuwa marehemu hakupenda habari zake zipigiwe kelele, na inaomba pia msione haya mkijikuta mnacheka mahali fulani katika historia hii, maana yeye mwenyewe aliagiza iwe hivyo, akasema asiyecheka aulizwe meno yake yametengenezwa na nani.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa baba seremala na mama aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu, akakulia katika nyumba ya vyumba vitatu iliyopakana na karakana ya baba yake, nyumba ambayo maranda yaliingia mpaka ndani ya foronya. Jina lake la kwenye cheti mmelisoma hapo mbele, na nyumbani lilitumika siku za kujaza fomu tu, kwani alipofika miaka saba meno ya utoto yalimtoka ya mbele yote kwa pamoja, likabaki pengo, na katika pengo hilo ukatoka mluzi ambao haukuwa na mfano, na tangu siku hiyo kila mtu alimwita Mluzi, hata mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyemchapa mara nyingi zaidi kwa kosa hilohilo la kupiga mluzi.

Karakana ile ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza. Baba yake alikuwa na kipande cha mti mgumu chenye matundu yaliyonyooka, alichokibana juu ya mguu wa kiti kabla ya kutoboa, keekee ikapita katika tundu na kutokea upande wa pili bila kupinda, na kipande hicho kiliitwa kigezo. Mzee alikuwa na msemo wake, kwamba mkono huchoka, jicho hudanganya, lakini kigezo hakina mjomba, na alikuwa na amri moja isiyojadiliwa, kwamba kigezo kikicheza hata kidogo, usitoboe, rudi mwanzo. Mluzi alipokuwa na miaka kumi na moja, akiwa na haraka ya kwenda kucheza mpira, alikibana kigezo nusunusu, akatoboa, na kiti kikatoka kinachechemea. Baba yake hakumpiga, alikipiga msasa kiti kile vizuri kabisa, akakipaka vanishi, akakiweka mezani na kumwambia, "Karibu, bwana fundi, hiki ndicho chako," na Mluzi alikikalia kila mlo mpaka alipoondoka nyumbani, tena akaondoka nacho.

Alianza elimu ya msingi Januari 1958 na kumaliza Novemba 1964, katika shule iliyokuwa kando ya reli, ambako masomo yalisimama kila treni ilipopita, kisha akajiunga na elimu ya sekondari kuanzia Januari 1965 mpaka Novemba 1968, akafaulu vizuri sayansi na uchoraji, na masomo mengine aliyapita kama mtu anavyopita msibani kwa jirani asiyemfahamu, kwa heshima na bila kukaa sana. Baada ya kumsaidia baba yake kwa mwaka mzima wa 1969, aliona tangazo la chuo cha mafundi wa meno bandia, akaomba, akakubaliwa, akasoma huko tangu Februari 1970 hadi Novemba 1972. Inasimuliwa katika familia kwamba alipoaga, baba yake aliweka randa chini, akamtazama, akasema, "Yaani umeacha kuchonga viti, unakwenda kuchonga meno? Haya, mwanangu, nenda, ilimradi yasichechemee."

Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa katika karakana ya meno ya hospitali kuu, chumba kirefu nyuma ya dobi la kufulia nguo za hospitali, chenye meza ya zege, kibatari cha gesi, magunia ya plasta na joto la mashuka yanayopigwa pasi upande wa pili wa ukuta, na humo alifanya kazi kwa uaminifu mpaka tarehe 30 Juni 1996, kisha kesho yake tarehe 1 Julai akafungua karakana yake mwenyewe, katika vyumba viwili juu ya duka la vipuri, kwenye ngazi ambazo wengi wenu mmezipanda mkiwa mmefumba midomo na mkazishuka mkiwa mmeifumbua.

Katika mwaka wake wa tatu wa kazi, mwezi Agosti 1975, ndipo alipojifunza jambo lililomlisha maisha yake yote. Alikuwa amekuja mkunga mstaafu, mama wa heshima asiyebakiwa na jino hata moja, naye ilitakiwa aume nta ili ijulikane mataya yake mawili yanakutana wapi, na kila alipouma, aliuma mahali pengine, kwa kuwa kinywa kisicho na meno ni kama kiwanja kilichong'olewa mawe ya mpaka, na mtu akiwa na hofu husukuma taya la chini mbele au pembeni bila kujua. Mluzi alirudi kulainisha nta kwenye maji ya moto, na akiwa pale akapiga mluzi kidogo kujiliwaza, mluzi ukaenda upogo. Mkunga akasema kutoka kwenye kiti, "Mwanangu, nimezalisha nusu ya mji huu, na wote walianza maisha kwa sauti nzuri kuliko hiyo." Wakacheka wote wawili, mama yule akacheka mpaka mabega yakashuka, akameza mate, akafunga kinywa, na hapo Mluzi akaona kwa macho yake taya likirudi nyuma taratibu na kutulia, kama mtu aliyefika nyumbani na kuvua viatu. Akamwekea nta wakati uleule, na meno yale yalikaa mpaka mkunga alipofariki. Tangu hapo kanuni ya karakana yake ilikuwa kicheko kwanza, mate pili, nta tatu, na hakuna mgonjwa aliyeruhusiwa kuuma kabla hajacheka, awe mchuuzi au jaji.

Kazi iliyompa sifa zaidi ilianza mwaka 1999, pale daktari wa upasuaji wa kinywa, ambaye leo yupo pamoja nasi, aliporudi kutoka masomoni na ujuzi wa kupanda vijiti vidogo vya chuma ndani ya mfupa wa taya, vinavyoitwa vipandikizi, ili meno bandia yashikilie hapo. Kwa mtu mwenye meno machache, daktari huongozwa na meno yaliyobaki, lakini kwa taya tupu kabisa hakuna cha kumwongoza, na humo ndani mna mishipa ambayo ukiikosea kidogo mdomo wa mtu unakufa ganzi. Daktari alikuwa ameona huko alikosoma vifaa vya kuelekezea, akaja kuuliza kama kuna mtu awezaye kuvitengeneza hapa, akachora kwenye bahasha, na Mluzi alipoitazama ile picha akaanza kutabasamu, akaenda kona ya karakana, akarudi na kipande cha mti cha marehemu baba yake, akakiweka mezani. Daktari alikishika, akachungulia kwenye tundu moja, akasema, "Kumbe tulisoma chuo kimoja."

Kwa faida ya wasiokijua, kigezo cha taya tupu hutengenezwa kwa plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kikafuata umbo la fizi za mgonjwa kama soli inavyoufuata mguu, kikawa na matundu yenye pete za chuma mahali ambapo picha za eksirei zimeonyesha mfupa mzuri, na daktari hupitisha keekee yake katika pete hizo tu. Tatizo ni kwamba fizi ni laini, kigezo kikilala juu yake hucheza kama mtu aliyelala kwenye godoro la maji, kwa hiyo mgonjwa hukiuma kwanza kwa taya lililotulia, ndipo daktari anakifunga kwa pini za pembeni mpaka mfupani, na hivyo kila kitu kinategemea ile nta ya siku ya kwanza, kwamba mtu aliuma kweli au aliuma uongo. Hao wawili walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi, wakitaniana kwenye simu kila asubuhi, na kigezo kilichocheza hakikutumika hata mara moja, kilirudi mezani, na amri iliyokuwa ya seremala ikawa ya hospitali.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 16 Desemba 1978, na mshonaji aliyekuwa na cherehani yake barazani, ng'ambo ya dobi la hospitali. Alikuwa amepeleka koti lake jeupe likatiwe kifungo, wiki iliyofuata akarudi na koti lile na kifungo kilekile, na wiki iliyofuata tena, mpaka mshonaji, ambaye si mtu wa maneno mengi, akamwuliza bila kuinua macho, "Kaka, kifungo hiki mbona kinang'oka kila Jumatatu, kwani Jumapili unakipeleka wapi?" Marehemu akapiga mluzi, sauti mbili za kushuka na moja ya kupanda, na mluzi huo ukawa ndiyo hodi yake kwa miaka yote iliyofuata, akifika kwenye geti anaupiga, na kabla geti halijafunguka mama ameshabandika maji ya chai. Katika nyumba hiyo baba ndiye aliyekuwa mwenye visa na vichekesho, mama akavisikiliza vyote huku anashona, na kwa miaka mingi haikusikika kwamba alisimulia hata kimoja.

Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza ni binti aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1980, na wa pili ni kijana aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 1983, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na kwa hao wawili kuna wajukuu watano, wote wanajua kupiga mluzi isipokuwa mdogo, ambaye bado ana miezi minane. Binti, baada ya kusomea uchoraji wa kompyuta, aliingia karakana ya baba yake Machi 2006, akaleta mashine ya kuchapa vigezo kutokana na picha, na kwa muda mrefu palikuwa na vita tamu humo ndani, baba akisema, "Hiyo mashine yako mwanangu ni nzuri, ila haijui kuchekesha mtu," na binti akijibu, "Na wewe baba hujui kuhifadhi faili, kwa hiyo tuvumiliane." Wakavumiliana, mashine ikachapa, na baba akaendelea kuchekesha, na nta haikuchukuliwa na mtu mwingine.

Sasa tunafika kwenye maradhi. Mwaka 2008 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, na pamoja na kwamba alifuata masharti, fizi zake zilianza kulegea, meno yakamtoka moja baada ya jingine, na la mwisho likang'olewa tarehe 3 Desemba 2013. Alijitengenezea meno bandia kwa mikono yake, ya juu yakakaa vizuri, lakini taya lake la chini lilikuwa limelika, limebaki bapa kama tuta lililopigwa na mvua, meno yakawa hayana pa kushika, na ndipo tulipoelewa kwa nini wahenga walisema mganga hajigangi. Katika harusi ya kijana wake, Juni 2014, watu walimwomba apige ule mluzi wake, akasimama, akavuta pumzi, akapuliza, na meno ya chini yakaruka yakatua kwenye keki iliyokuwa mbele ya mwenyekiti wa kamati. Ukumbi mzima ulicheka, na yeye alicheka kuliko wote, akayaokota, akasema, "Samahani mwenyekiti, yameona keki kabla yangu." Wengi mnakumbuka kicheko hicho, lakini wa nyumbani wanakumbuka kilichofuata, kwamba mluzi haukusikika tena getini.

Alianza kupita mlango wa nyuma. Alianza kuongea akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, yeye aliyewafundisha watu wasizibe, na karakanani visa vikakauka, kwa kuwa mtu anayeogopa meno yake hawezi kumchekesha anayeogopa kiti cha fundi. Binti yake ndiye aliyeona hasara ya pili, kwamba vigezo vilivyokuwa vikienda na kutulia vilianza kurudi kutoka kwa daktari, si kwa ubaya wa plastiki wala wa picha, bali wagonjwa walikuwa hawacheki tena, walikuwa wanauma uongo. Hapo ilieleweka kwamba baba asiporudishiwa kinywa chake, haitapotea hodi ya nyumbani tu, itapotea na kazi yenyewe, maana ile sehemu ya kazi iliyokuwa ndani ya kicheko chake hakuna mashine iliyoweza kuichapa.

Binti alimwambia mezani, mbele ya mama, "Baba, umewapima wenzako miaka yote hii, sasa ni zamu yako." Alikataa kwa visingizio vingi, mara kazi, mara mvua, na daktari naye alitaka sukari itulie kwanza, na kweli alipoamua, aliituliza, akatembea kila jioni, akaacha soda aliyoipenda, mpaka Agosti 2016 daktari akaridhika. Nta ilichukuliwa na binti yake. Baba alikaa kwenye kile kiti alichowakalisha wengine, binti akasimulia kisa, baba akacheka kicheko cha kiungwana, akameza mate kwa utaratibu, akafunga kinywa, akauma nta, na alama zilikuwa nzuri mno, zimenyooka kama za kitabuni. Kigezo kikachapwa, kikakaa juu ya taya la plasta bila kutikisika.

Alhamisi ya tarehe 8 Septemba 2016 alipelekwa chumba cha upasuaji, akapewa dawa ya kumtuliza, na binti yake akaruhusiwa kusimama kando akiwa amevaa gauni na kofia. Dawa ilipoingia, misuli ikalegea, na taya la chini la Mluzi likafanya lile alilokuwa akiliona kwa wengine tangu siku za mkunga, likarudi nyuma taratibu, likatulia mahali pake pa kweli, na hapo kigezo na meno ya juu vikakutana upande mmoja tu, upande wa pili ukabaki wazi. Daktari alibonyeza kwa kidole, kigezo kikacheza. Akamgeukia binti, akamwuliza, "Wewe ndiye fundi wake, unasemaje?" Kabla hajajibu, mzee akasema kwa sauti ya usingizi, "Kibonyezeni tu, kitakaa." Binti alimtazama baba yake, ambaye alikuwa ameisubiri siku ile kwa miaka miwili na kuacha soda kwa ajili yake, akatazama kile kigezo, akasema, "Kinacheza. Hatutoboi." Daktari akaweka keekee kwenye sinia, na mgonjwa akarudishwa nyumbani na kinywa kilekile alichokwenda nacho.

Kwa siku kadhaa marehemu hakumsemesha binti yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea, alikuwa anakwenda karakanani na kukaa upande wake, akikiweka kigezo kile juu ya plasta na kukitoa, akikiweka na kukitoa, akitafuta kosa la mtoto. Jumatano moja akainuka, akaenda mpaka kwenye meza ya binti, akasema, "Kosa ni langu. Niliuma nta kama fundi, badala ya kuuma kama mgonjwa." Na ndivyo ilivyokuwa, kwa kuwa alijua taya zuri linavyotakiwa kuonekana, alilipeleka lake pale, akalishikilia, akidhani anamsaidia mwanawe, na kosa la namna hiyo mchuuzi au jaji asingeweza kulifanya, lilihitaji mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Binti akamjibu, "Sasa baba, nitakuchekeshaje wewe, na vichekesho vyote ninavyovijua nimevipata kwako?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Siku ya nta ya pili, binti alianza kisa, baba akamkatiza amwonyeshe mahali pa kupumua. Mwalimu wa hesabu alipiga simu na kichekesho chake, kikaisha, ikabidi aulizwe kama kimeisha. Daktari mwenyewe alipanda zile ngazi, akasimulia cha kwake, na marehemu akamwambia kwa upole, "Daktari, wewe endelea na upasuaji." Nta ililainishwa ikapoa, ikalainishwa ikapoa. Mchana mama akaja na kikapu cha chakula, akakosa pa kukaa, akavuta kile kiti cha utotoni cha kuchechemea, kilichokuwa kwenye kona ya makabati, akakikalia, kikainama kushoto, kikainama kulia, na alipoona nyuso za watu akauliza kuna nini, akaelezwa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mimi nina kimoja."

Mama akaweka mikono juu ya magoti, akaanza, "Kulikuwa na mzee alikuwa anajigombeza mwenyewe, kwa sababu alivaa meno ya mkewe." Kiti kikainama. Akaendelea, "Basi, akaenda kwa fundi." Kiti kikainama tena, akasema, "Hapo katikati fundi anamwambia kitu. Mwisho ninao, mwanzo ndio umenipotea."

Kichekesho hicho kilikuwa cha marehemu mwenyewe, alikisimulia kwa miaka thelathini, kwamba mzee alirudi kulalamika meno yanambana, fundi akamwambia, haya si yako, ni ya mkeo, na mzee akasema, ndiyo maana tangu jana najigombeza mwenyewe. Alimtazama mkewe pale juu ya kiti kinachochechemea, amekianza kwa mkia na hajui kichwa kilikokwenda, na kikamtoka kicheko ambacho hakuwa amekipanga, kicheko cha tumbo, akasahau kuziba mdomo, akasahau ufundi, machozi yakamshuka, mabega yakaanguka, akameza mate kwa kwikwi, na binti, aliyekuwa ameishika nta tayari, akasema, "Uma," naye akauma. Safari hii alama hazikuwa nzuri, zilikuwa zimekwenda pembeni kidogo na nyuma, kama taya lake lilivyokuwa kweli.

Alhamisi ya tarehe 6 Oktoba 2016 kigezo kipya kiliingia kinywani, daktari akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto, na hakikujibu, pini zikaingia, vipandikizi vinne vikapandwa kila kimoja kwenye tundu lake, na mfupa ukaachwa ushike. Ijumaa ya tarehe 17 Februari 2017 alivalishwa meno ya chini yanayobana kwenye vile vichwa vya chuma kwa kubofya, tap, kama kifungo cha koti, na mama alipoonyeshwa namna yanavyofungwa alisema, "Hiki nacho kisije kikaanza kung'oka kila Jumatatu." Hakikung'oka. Jioni ileile, mama akiwa kwenye cherehani, mluzi ulisikika getini, mbili za kushuka na moja ya kupanda, cherehani ikasimama katikati ya mshono, na mama akajibu kutoka ndani, "Umechelewa. Chai imepoa."

Alistaafu rasmi tarehe 31 Desemba 2018, lakini kila asubuhi alipanda ngazi za karakana, binti akichukua nta na yeye akichekesha, na vigezo vikaacha kurudi. Kile kiti kikawekwa katikati ya chumba, akawa anawakaribisha wagonjwa hapo kwanza, kwa maelezo kwamba mtu aliyekwisha kutikiswa na kiti hana tena cha kuogopa.

Mwezi Novemba 2022 moyo wake ulianza kuchoka, akatibiwa akiwa nyumbani, na Ijumaa ya tarehe 2 Juni 2023 hali ilipobadilika alilazwa hospitali kuu, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, si mbali na lile dobi alikoanzia kazi. Huko alipiga mluzi pole pole, muuguzi akamkumbusha kwamba hapo ni wodini, naye akamjibu, "Ndiyo maana nimepunguza sauti, mwanangu." Jumamosi ya tarehe 10 alasiri, mama alipokuwa akija kumwangalia, alikuwa bado ukumbini anapita kati ya vitanda vya watu, na marehemu akazitambua ndara zake kabla hajamwona, akampigia ile hodi ya getini, mbili za kushuka, moja ya kupanda, kwa kuwa safari hii aliyekuwa anafika ni mama. Mama alipofika kitandani akamwambia, "Leo na wewe umebandika chai?" wakacheka, na wagonjwa wa jirani wakacheka bila kujua kisa. Marehemu alifariki kesho yake, Jumapili tarehe 11 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume kwa uangalizi na uvumilivu wao, kwa daktari wa upasuaji wa kinywa ambaye alikuwa mwenzake wa kazi na mtani wake, kwa majirani walioleta viti na maji tangu Jumapili na wasioruhusu mama abaki peke yake, kwa mafundi wenzake wa meno waliofunga karakana zao leo, na kwa mwenye duka la vipuri, ambaye kwa miaka yote hiyo alivumilia vicheko vya juu ya dari yake wakati akihesabu bolti.

Marehemu aliacha maagizo mawili. La kwanza ni kwamba asizikwe na kinywa kitupu, na hilo limetimizwa asubuhi hii na binti yake, ambaye aliyaweka meno mwenyewe, akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto, kisha akawageukia wenzake chumbani akasema, "Yametulia. Hayachezi." La pili linawahusu ninyi, kwamba kila aliyevaa kazi ya mkono wake, awe ni mmoja au ni nusu ya watu waliopo hapa, leo asizibe mdomo.

Mluzi, mume, baba, babu na fundi, umefika, vua viatu, taya limerudi nyumbani, pumzika kwa amani.